Min Nico na Rozari ya Simu

Ukifika soko la Homa Bay, upande ule wa wakaanga samaki, usiulize Phelesia ni nani. Utaonyeshwa wanawake watatu, na yeye hatakuwamo. Uliza Min Nico, yaani mama yake Nico. Hapo hata mgeni aliyefika jana atakuelekeza kwa mwanamke mrefu aliyesimama nyuma ya karai la mafuta, anakaanga mgongo wazi, ile mifupa ya samaki aitwaye mbuta inayobaki baada ya minofu kwenda kiwandani. Mifupa yake huwa na nyama kuliko ya wenzake, na maneno yake pia.

Lakini samaki ilikuwa kazi tu. Cheo chake kilikuwa rozari. Katika Jumuiya ya Mtakatifu Monika, Min Nico ndiye aliyeongoza rozari tangu mumewe angali hai, na hakuna aliyekumbuka kama aliwahi kupigiwa kura. Mwezi wa kumi ukiingia, sanamu ya Mama Maria huzungushwa nyumba kwa nyumba. Kila jioni jumuiya yote husali kwenye nyumba iliyompokea mgeni huyo. Min Nico aliibeba mwenyewe, imefungwa leso mpya, na hakumpa mtu mwingine hata kuishika, utadhani Mama wa Mungu ni mtoto mchanga anayelia akibebwa na asiyemjua. Akisema "Salamu Maria," watu wa boda boda barabarani walipunguza mwendo. Alikuwa na sauti, hilo tusimnyime.

Baada ya mafumbo matano huja nia. Kila mtu husema kwa sauti anachoombea: mvua, mtihani wa mtoto, mguu wa jirani. Min Nico alikuwa wa mwisho, na nia yake haikubadilika. "Tumwombee mwanangu Nicholas, aliyeko Osiri kwenye mashimo ya dhahabu, aliyeliacha kanisa, anayekunywa pombe, asiyemkumbuka mamake." Nao huitikia, "Ee Bwana, utusikie." Watoto wa jumuiya waliijua nia hiyo kwa moyo kabla hawajaijua sala ya Nasadiki. Kisha Min Nico huwakumbusha kwamba Mtakatifu Monika naye alilia miaka mingi kwa ajili ya mwanawe Augustino, na machozi yake hayakwenda bure. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na huyu mzazi alitaka kila mtu aujue.

Basi akaja Lynnet. Alikuwa mke mpya wa Ken, fundi wa redio na simu, msichana mwembamba aliyesomea Rongo, sauti yake ndogo hata ukiwa naye meza moja unainama kumsikia. Sanamu ilipofika kwake, mwanzoni mwa mwezi, alimwendea Min Nico kwa heshima, mikono imeshikana.

"Mama, naomba niweke simu hapa pembeni. Dada yangu ako Doha kazini, anataka kuomba na sisi."

"Weka, nyathina," akasema Min Nico, kama mtu anayempa mtoto kipande cha kiazi. Nyathina ni mwanangu, na siku hiyo alilisema kwa moyo mweupe.

Kesho yake dada wa Doha alikuwa ameleta wenzake. Keshokutwa walikuwepo watu wa Mfangano, watu wa Rongo, muuguzi wa zamu, dereva wa lori aliyeegesha Migori. Wiki ya pili Lynnet akafungua ukurasa wa Facebook, akauita Rozari na Monika, na kila saa kumi na moja jioni simu ya Ken ikawa inasimama juu ya kigoda, imeegemezwa kwenye Biblia, ikiwaangalia. Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Min Nico alisema ni upepo, utapita.

Haukupita. Ulichokipeperusha ni sauti yake. Jioni moja Ken alikuja mbele yake akikuna kichwa.

"Mama, usikasirike. Ukiongoza, sauti inapiga kelele huko kwa simu za watu. Wameandika inawaumiza masikio. Tulikuwa tunafikiria, labda Lynnet aongoze fumbo moja tu, tuone."

Fumbo moja likawa mawili, mawili yakawa yote matano. Ile sauti ya Lynnet, ambayo nyumbani haivuki meza, simuni ilikuwa tamu na safi, kana kwamba anamnong'oneza kila mtu peke yake. Min Nico akabaki na kazi ya kubeba sanamu na kuitikia. Tena alitakiwa aitikie akiwa mbali na kigoda.

Jumapili Padre Okari akasimama mbele ya parokia nzima akamshukuru Lynnet kwa jina, akisema kijana huyu amelipeleka kanisa mahali ambapo padre hana miguu ya kufika. Watu wakapiga makofi. Min Nico naye alipiga, makofi mawili hivi, kisha akaanza kutafuta leso kwenye mkoba. Alingoja jina lake. Alingoja mpaka matangazo ya harusi, mpaka baraka ya mwisho. Aliondoka kanisani hata hakuwasalimu watu.

Wivu humjia mtu umevaa nguo ya kazi. Kwanza alijiambia kwamba anachunga tu mambo ya dini. Akaona kilemba cha Lynnet kimekaa kisasa. Akaona Lynnet akishasema nusu yake ya Salamu Maria ananyamaza mno, kimya kirefu, eti anawangojea wa mtandaoni waitikie. Akaona watu nyumbani wamepungua, na hapo alikuwa na haki. Metrine, jirani yake wa meza ya pili sokoni, alimwambia bila aibu kwamba jana hakutoka, aliitikia akiwa jikoni.

"Unafanya nini jikoni?"

"Nachambua omena."

"Mama Maria anaitikiwa na mtu anachambua omena?"

"Hata yeye alikuwa anapika, Min Nico. Yosefu hakuwa anakula mbao."

Min Nico hakucheka. Jioni hiyo alinunua bando, akamwomba msichana wa duka la simu amfungulie akaunti ya Facebook. Jina alichagua mwenyewe: Mtumishi Mnyenyekevu. Kuanzia hapo, kati ya mteja na mteja, Mtumishi Mnyenyekevu alikuwa akiinamia simu chini ya meza, anazitazama upya rozari za siku zilizopita. Alizihesabu Salamu Maria moja moja kwenye vidole vya mafuta, akiomba Mungu amkute Lynnet ameruka moja. Ndiyo, aliomba. Fikiria mtu anasali rozari nzima akitafuta kosa ndani yake. Lynnet hakuruka hata moja, na kila alipomaliza salama, Min Nico alihisi kama ameibiwa.

Siku moja asubuhi Metrine alimjia na simu yake ameinyoosha mbele.

"Hebu angalia huyu. Huyu anajiita Mtoto wa Ziwa. Kila siku anaandika, Osiri tuko ndani. Si huyu ni Nico wako?"

Picha ilikuwa ndogo. Mwanamume ana tochi kwenye paji la uso, mashavu yana vumbi la kijivu, anatabasamu upande mmoja. Marehemu mumewe alitabasamu hivyo. Min Nico alipangusa kidole kwenye aproni akaikuza ile picha mpaka ikapoteza sura, akairudisha ndogo. Akapanda juu kwenye maandishi ya jana, ya juzi, ya wiki iliyopita. Mtoto wa Ziwa alikuwepo. Osiri tuko ndani. Osiri tuko ndani. Tangu wiki ya pili hakukosa hata jioni moja.

Sasa nikuambie ukweli wa mama huyu, na usimhukumu haraka. Furaha ndiyo iliyopaswa kufika kwanza. Ilichelewa njiani. Wivu ulikuwa umeshafika, umevuta kiti, umekaa. Mwanawe anasali! Lakini anamwitikia nani? Anamwitikia msichana aliyekuja juzi na kigoda chake. Yeye amemlilia Mungu miaka yote, magoti yameota sugu, na Mungu akachukua jibu akampa mke wa Ken. Tena ile hadithi ya Monika aliyokuwa akiwasimulia watu huwa haiishii kwenye machozi. Ipo sehemu ya Askofu Ambrosi, ambaye mahubiri yake ndiyo yaliyomvuta Augustino. Min Nico aliijua vizuri. Sikuwahi kusikia mtu akisema ameisikia kutoka kwake.

"Si yeye," akamwambia Metrine, akamrudishia simu. "Nico hana muda wa mambo hayo."

Alasiri hiyo aliacha karai kwa Metrine, akaoga, akavaa sare yake ya Wanawake Wakatoliki, akaenda parokiani.

Padre Okari alimpokea ofisini. Min Nico hakusema uongo, na hilo ndilo lililokuwa baya zaidi. Alisema watu hawaji tena majumbani. Alisema juzi sanamu ililala kwa mama mgonjwa na waliokuja walikuwa wanne na simu. Alisema wanaume wasiojulikana wanaandika chini ya rozari kumwomba mke wa mtu namba. Alisema jumuiya ni ya kutazamana uso kwa uso, na Padre mwenyewe ndiye aliyewafundisha hivyo.

"Wewe ndiye kiongozi wao," akasema Padre, akiwaza. "Unataka tufanye nini?"

"Mimi sitaki kitu, Padre. Naleta tu mbele yako."

Mtu akisema hataki kitu, shika mfuko wako. Padre Okari hakushika. Alimpigia Ken palepale, akamwomba wasimamishe ukurasa mpaka baraza la parokia likae. Min Nico alitoka akitembea kama mtu aliyeshushiwa gunia.

Jioni ile aliongoza yeye. Simu haikuwepo, kigoda kilirudishwa mezani, na sauti yake ikatoka yote, ikajaza nyumba, ikatoka dirishani. Alijisikia mzima. Waliokuja walikuwa wachache vilevile, maana waliozoea jikoni walibaki jikoni, ila sasa hawakusali kabisa. Alipofika kwenye nia alimtaja Nicholas wa Osiri, aliyeliacha kanisa, anayekunywa pombe. Metrine akamtazama. Min Nico akayafumba macho.

Kesho yake Lynnet alikuja sokoni. Alisimama mbele ya karai, macho mekundu.

"Mama, nimekosa wapi? Ken anasema ni Padre. Kama ni kilemba ningevaa kingine."

"Muulize Padre, nyathina." Neno lilikuwa lilelile, ila sasa lilimkwaruza kooni. Akachagua kipande chenye nyama kuliko vyote, akakifunga kwenye gazeti, akamsukumia. "Chukua, mkale na Ken."

"Asante, Mama. Wewe ndiyo mama yangu hapa."

Afadhali angemtukana. Min Nico alimwangalia akienda na lile furushi la samaki, akajiambia msichana huyu ni mwerevu, anajifanya mpole. Hasidi hana sababu, lakini hakosi kuitafuta.

Siku ya tatu, jua halijawa kali, alikuwa anageuza samaki aliposikia, "Mama."

Hakuinua kichwa mara moja. Kuna sauti ukiingoja sana unaogopa kuiangalia. Alipoinua, Nicholas alikuwa pale, amekonda, amepanuka mabega, viatu vyeupe kwa vumbi la mawe. Hakunuka pombe. Min Nico alinusa, ndiyo, mama hunusa.

"Wuoda," akasema. Mwanangu wa kiume.

"Nimetoka Osiri alfajiri. Nimepita Migori, nimepita Rongo, nimekuja kuuliza tu kitu kimoja. Nani alifunga ile rozari?"

Miaka yote alikuwa ametengeneza kichwani siku hii. Katika matengenezo yake Nicholas alipiga magoti, au alilia, au angalau aliuliza habari ya afya yake.

"Umekuja kwa sababu ya peji ya Lynnet?"

"Tumekaa jioni mbili tukingoja. Tunamaliza kazi, tunaweka simu juu ya gunia la mawe, tunakaa. Tuko watu kama kumi. Kuna mmoja hata si Mkatoliki, anapenda tu kuitikia. Sasa hakuna kitu. Wanasema ni mimi najua watu wa huku, niende niulize."

"Na rozari ya mamako? Si nilikufundisha mwenyewe, ukiwa hujafika hapa?" Akaonyesha urefu wa meza. "Mbona hukuja kwangu?"

Nicholas aliangalia pembeni, kwa Metrine, ambaye ghafla alikuwa na shughuli nyingi za kupanga nyanya. Akasogea karibu, akashusha sauti.

"Mama, siku ya kumzika Baba ulishika maikrofoni. Ulimwombea Baba, halafu ukaniombea mimi, niache pombe. Watu wote wakageuka wakaniangalia. Na siku hiyo sikuwa nimekunywa." Akatupa tena jicho kwa Metrine. "Nikienda mahali popote huku, mtoto mdogo ananiambia, wewe ndiye Nicholas wa Osiri. Hata pale mgodini alifika jamaa mmoja wa Homa Bay, akanijua kwa ile maombi yako. Kwa Lynnet hakuna mtu ananitaja. Naandika Osiri tuko ndani, anasema karibuni Osiri, tunaomba, tunalala. Basi."

Mafuta yalikuwa yanachemka. Min Nico alisikia uso wake umekuwa moto, na si kwa moto wa jiko. Alitaka kusema kwamba alifanya kwa upendo, na ingekuwa kweli. Alitaka kusema hajui nani alifunga, na hiyo ingekuwa rahisi kuliko zote. Nicholas angeamini, angekaa, angekula. Padre angebeba lawama, na Padre ana mabega.

"Ni mimi," akasema.

"Wewe nini?"

"Nilienda kwa Padre, nikaifunga. Nilikuona pale unamwitikia. Mimi nilikuita miaka yote hukuitika, yeye amekuita wiki mbili. Nilimwonea wivu, Nico. Bado namwonea. Hata saa hii unapolitaja jina lake."

Nicholas akachukua kijiko kutoka mkononi mwake, maana samaki walikuwa wanaungua, akawageuza mmoja mmoja vizuri, kama alivyofanya alipokuwa wa shule.

"Fungueni, Mama," akasema. Hakuwa na hasira, na hakuwa na kitu kingine pia. "Wale jamaa wananingoja."

"Lala nyumbani leo."

"Nitakuja. Leo hapana."

Alimfungia samaki wa kuwatosha watu kumi. Nico alipokwisha kupotea kwenye watu, Min Nico alifuta mikono, akampigia Padre Okari, akamwambia afungue ukurasa.

"Lakini Mama, wewe mwenyewe ndiye uliyelalamika. Na malalamiko yalikuwa ya maana."

"Yalikuwa ya maana, Padre. Lakini niliyaleta kwa wivu."

Padre alikohoa. "Hiyo ni ya kitubio, Mama. Si ya simu."

"Nitakuja Jumamosi. Fungua leo."

Wakakubaliana: walio karibu waende majumbani kwa miguu yao, walio mbali waje kwa simu, na Ken awafute wale wenye kuomba namba. Kisha Min Nico akatembea mpaka kwa Lynnet. Walichoongea huko ndani sikukisikia. Ken anasema alipotumwa kuleta maji alikuta wote wawili wanalia, akayaweka maji chini akatoka.

Saa kumi na moja jioni sanamu ilikuwa kwa Metrine. Watu walikuja kuliko siku zote, wengine kwa ibada, wengine kwa sababu habari ya Nico ilikuwa imezunguka soko lote. Ken alisimamisha simu juu ya kigoda. Lynnet akashika rozari, akamgeukia Min Nico, akasema mbele ya watu wote, "Mama, leo ongoza wewe. Ken atapunguza sauti, amesema inawezekana."

Min Nico aliitaka nafasi ile kama mtu anavyotaka maji. Koo lenyewe lilijiandaa. Angeweza kumfikia mwanawe jioni hii hii, kwa sauti yake mwenyewe, juu ya gunia la mawe huko Osiri. Akamfikiria anaisikia. Akamfikiria ananyoosha mkono, anaizima simu.

"Ongoza wewe," akasema. "Mimi niko hapa."

Akakaa kwenye mkeka, pembeni mwa kigoda, mahali ambapo simu haikumwona lakini yeye aliweza kuiona. Majina yakaanza kuingia. Doha. Mfangano. Dereva wa lori. Lynnet akawakaribisha mmoja mmoja. Rozari ilikuwa karibu kuanza, na Min Nico alikuwa bado anayasoma majina, lilipotokea chini kabisa: Osiri tuko ndani.

"Karibuni Osiri," akasema Lynnet, kwa upole uleule aliompa kila mtu.

Wivu ukamchoma palepale, mbichi kama siku ya kwanza. Lynnet akaanza Salamu Maria kwa sauti yake ndogo, akafika nusu, akanyamaza. Min Nico akaitikia pamoja na wengine, polepole, ili asimwache nyuma mtu wa Osiri.